Kazi isiyo na mdai: kisa cha karakana iliyopata mkataba kwa bei ya hasara

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mhusika. Jina lake, mji wake, taasisi aliyokuwa akiiuzia na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Bei nimezigeuza kuwa sehemu za mia, ili uwiano ubaki bila kuanika fedha za mtu.

Usuli

Mwenye karakana ni mama aliyejifunza useremala akiwa kijana, akaajiriwa miaka kadhaa, kisha akajitegemea. Nilipoitwa kumshauri, biashara ilikuwa katika mwaka wa tisa. Alikuwa na watu saba: mafundi wanne, wasaidizi wawili, na karani wa kupokea fedha na kuandika stakabadhi. Walitengeneza samani za nyumbani kwa oda, na pia madawati na makabati ya taasisi moja iliyochukua karibu theluthi ya mauzo yote.

Huyu mama si mzembe, na nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu wengi wakisikia kwamba mfanyabiashara fulani alichelewesha jambo kubwa, haraka humwona hana mpangilio. Yeye alikuwa na daftari, alikuwa na kalenda ukutani, alifika kabla ya mafundi na kuondoka baada yao. Simu yake haikuita mara tatu bila kupokelewa. Wateja walimpenda kwa hilo, naye alilihesabu kuwa ndiyo siri ya biashara yake.

Yaliyotokea

Mkataba na taasisi ulikuwa wa miaka miwili, na ulikaribia kuisha. Miezi minne kabla, alipewa barua: akitaka kuendelea, alete orodha mpya ya bei, mchanganuo wa gharama za kila bidhaa na ratiba ya kufikisha mizigo. Akaandika kazi hiyo juu kabisa ya ukurasa wa daftari, akaipigia mstari mara mbili.

Kisha ikaanza kuhama. Kila Jumatatu alipofungua ukurasa mpya aliinakili tena juu kabisa, na kila Jumamosi ilikuwa bado haijaguswa. Nimeliona daftari lenyewe. Kazi ile imeandikwa mara kumi na tano kwa mwandiko ule ule, na chini yake kuna mambo mengine yaliyokatwa kwa alama ya vema: kununua bawaba, kumpigia mteja wa kitanda, kurekebisha droo iliyokwama.

Alianza kuishughulikia zikiwa zimebaki siku tatu. Usiku wa mwisho alichukua bei za mkataba uliotangulia, akaongeza kidogo kwa kukisia kupanda kwa bei ya mbao, akatia sahihi. Wiki mbili baadaye jibu lilikuja: amepewa mkataba kwa miaka miwili mingine. Karakana nzima ilifurahi. Naye alijiambia, kama alivyoniambia mimi baadaye, kwamba pengine miezi minne ilikuwa mingi kupita kiasi.

Mwezi wa tatu wa mkataba mpya, fedha zilianza kupungua ilhali kazi zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote. Katikati ya hali hiyo mashine ya kuranda ikasimama. Beringi ilikuwa imekauka. Kuitia grisi lilikuwa jambo jingine lililohama kutoka ukurasa hadi ukurasa. Siku tisa waliranda kwa mkono au kwa kulipia mashine ya jirani. Mzigo wa taasisi ulichelewa siku kumi na moja, ikaja barua ya onyo. Hapo ndipo aliponitafuta, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Sina muda. Nisaidie kupanga muda."

Jaribio la kwanza, lililoshindwa

Nilimwomba kwa wiki mbili aweke kijistari daftarini kila anapokatizwa, na kando yake aandike nani kamkatiza na kwa nini. Alifanya kazi saa 58 kwa wiki, yaani 116 kwa wiki zote mbili. Katika hizo, muda alioutumia kwenye kazi ambazo hakuna mwingine pale angeweza kuzifanya (kukokotoa bei, kusimamia mkataba, kufuatilia madeni, kumwandaa fundi mkuu) haukufika saa nne.

Nikamchorea jedwali la masanduku manne, lile linalotenganisha mambo muhimu na mambo ya haraka. Jedwali hili hubeba jina la Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani. Katika hotuba ya mwaka 1954 alisema, akimnukuu mkuu wa zamani wa chuo ambaye hakumtaja jina, kwamba mambo ya haraka si muhimu, na yaliyo muhimu kamwe si ya haraka. Eisenhower hakuchora masanduku yoyote, hayo yaliongezwa na wengine baadaye. Tukalibandika ukutani. Tukakubaliana pia kwamba kila siku, saa nane hadi saa kumi alasiri, atafunga mlango wa ofisi na kufanya kazi za sanduku la "muhimu, si haraka".

Baada ya wiki moja karatasi zote tulizoandikia kazi zilikuwa zimehamia sanduku moja: muhimu na haraka. Alipoulizwa kuhusu kila moja alikuwa na hoja, na hoja zilikuwa za kweli. Mteja aliyeahidiwa meza kabla ya harusi ya binti yake ana haki ya kuwa wa haraka. Mlango nao haukufungwa. Siku ya kwanza aligongewa mara sita. Siku ya nne hakujaribu tena. "Wakisimama pale nje wananisubiri," alisema, "mimi humu ndani sisomi kitu. Nawasikia miguu."

Kosa hili lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Nilimpa chombo cha kupanga mafungu, wakati yeye tangu zamani alijua fungu la kila kazi. Ile kazi ya mkataba aliiandika juu ya ukurasa mara kumi na tano. Alijua ni muhimu.

Tulipogeukia kitabu cha oda

Nilirudi kwenye vile vijistari na kuvihesabu upya kwa aina. Karibu nusu vilikuwa swali moja kutoka kwa watu tofauti: oda yangu imefika wapi? Waliobaki walikuwa mafundi wakiomba ruhusa ya kununua vitu vidogo, gundi, msasa, skrubu, na wengine wakithibitisha vipimo.

Lile swali la wateja ndilo lililonifanya nifungue kitabu cha oda. Kulikuwa na oda 24 zilizopokelewa ambazo hazijakamilika. Kwa wastani karakana ilimaliza oda nne kwa wiki. Sasa kuna kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, na inatumika kwa foleni yoyote iliyotulia, yaani ambayo vinavyoingia hulingana na vinavyotoka, iwe ya watu benki au ya vitanda karakanani: idadi ya vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Ukiigeuza, muda wa kusubiri ni vilivyomo ndani vikigawanywa kwa kasi ya kumaliza. Ishirini na nne kwa nne ni wiki sita.

Nikamuuliza huwa anamwahidi mteja muda gani. "Wiki tatu," akajibu bila kusita.

Alikaa kimya akiitazama ile hesabu. Alikuwa akiahidi wiki tatu kwa sababu kabati peke yake, fundi akikaa nalo bila kuhamishwa, humalizika hata kabla ya hapo. Lakini hakuna kabati lililokuwa peke yake. Kila mteja aliyesubiri wiki ya nne alianza kupiga simu, na ya tano akaja mwenyewe. Mama akatoka ofisini, akamtoa fundi kwenye kazi aliyoishika, akampa ya yule aliyesimama mlangoni. Kazi iliyoachwa nayo ikachelewa, na mwenye nayo akaja wiki iliyofuata. Sehemu kubwa ya dharura zake alizizalisha mwenyewe siku ya kupokea oda, kwa kusema "wiki tatu" kwa moyo mwema.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko yote: kuweka ukomo wa oda 14 zilizo wazi kwa wakati mmoja. Kumi na nne kwa nne ni wiki tatu na nusu, naye angeahidi wiki nne. Ili kushuka kutoka 24, kwa wiki tano alipokea oda mbili tu kwa wiki huku akimaliza nne. Aliogopa, na alikuwa na sababu. Malipo ya awali ya oda mpya ndiyo yaliyokuwa yakinunua mbao za oda za zamani. Tuliziba pengo hilo kwa kudai madeni: wateja kumi na mmoja walikuwa wamechukua samani na hawajamaliza kulipa, na hakuna aliyekuwa akiwafuata. Karani alipewa kazi hiyo, kila Alhamisi asubuhi, akiwa na orodha na tarehe ya ahadi ya kila mmoja.

Uamuzi wa pili ulihusu ununuzi mdogo. Fundi mkuu alipewa kiasi cha fedha kwa wiki, anunue bila kuuliza, alete risiti Jumamosi. Wiki ya pili alinunua gundi isiyofaa kwa sehemu zenye unyevu, ikabidi itupwe. Mama alitaka kumnyang'anya fungu lile jioni hiyo hiyo. Nilimwomba alinganishe hasara ya gundi na idadi ya safari ambazo yeye mwenyewe hakuzifanya dukani wiki ile. Akaliacha. Alichofanya, na hili lilikuwa wazo lake, ni kumwambia, "Fundi, hasara tumeshaipata. Sasa andika kwenye ubao wa stoo gundi gani ni ya kazi gani, wenzako wasiirudie." Ubao ule bado upo.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouona kuwa kiini cha kisa hiki. Tulijiuliza kwa nini kazi ya bei ilihama kurasa kumi na tano huku droo iliyokwama ikitengenezwa siku ile ile. Jibu likawa jepesi: droo ina mdai. Ina mtu anayepiga simu, anayekuja, anayekunja uso. Bei hazikuwa na mtu wa kuzidai, mashine haidai grisi mpaka siku inaposimama, na mkataba ulikuwa na mdai mmoja tu, tarehe ya mwisho, naye alikaa kimya miezi minne.

Basi tukazitafutia wadai. Mhasibu wa muda, aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi kufunga hesabu, sasa alikuja kila Jumanne saa nne asubuhi kwa saa mbili. Analipwa awe amekuta kazi au hajaikuta. Mama alitakiwa awe na karatasi za bidhaa mbili zilizojazwa: mbao pamoja na vipande vinavyotupwa, saa za fundi pamoja na za kurekebisha makosa, vifaa vidogo, usafirishaji. Mhasibu anagawa gharama za jumla, yaani kodi, umeme, ulinzi na mshahara wa mwenye karakana mwenyewe, ambao haukuwahi kuhesabiwa popote. Matengenezo ya mashine alikabidhiwa msaidizi mmoja, naye huyo ndiye anayemdai mama saini kila Jumamosi kabla ya kufunga.

Matokeo baada ya miezi saba

Bidhaa 19 zilipata hesabu kamili. Dawati la taasisi ndilo lililotushtua. Ukichukua bei ya kuuzia kuwa 100, yeye alikadiria vifaa 52 na ufundi 28, jumla 80, akaongeza robo yake, akafika 100. Aliamini anapata faida ya asilimia 25. Hata kama makadirio yangekuwa sahihi, robo juu ya gharama ni asilimia 20 tu ya mauzo, na ndani ya hizo 20 gharama za jumla zilikuwa bado hazijalipwa. Hali halisi ilikuwa vifaa 58, ufundi 30, gharama za jumla 17. Jumla 105. Kila dawati lililotoka mlangoni lilitoka na hasara ya tano katika kila mia, na yeye alikuwa akikesha ili yatoke mengi.

Alikwenda kwenye taasisi na karatasi zile. Hawakubadilisha bei ya mwaka wa kwanza, mkataba ni mkataba. Ya mwaka wa pili walikubali kuipitia, kwa sababu mchanganuo ulikuwa wazi na ratiba mpya ilikuwa ikitimizwa. Hasara ya mwaka wa kwanza ameibeba yeye.

Wadaiwa kumi na mmoja walibaki wanne. Wateja watatu waliondoka walipoambiwa wiki nne, na mmoja kati yao alikuwa wa miaka mingi, jambo lililomuumiza. Simu za "imefika wapi" zilipungua kiasi kwamba karani ndiye anayezijibu, akisoma ubaoni. Saa za mama zilishuka kutoka 58 hadi 49 kwa wiki. Punguzo hilo si kubwa. Ila sasa katika hizo 49, saa sita au saba ni za kazi zake mwenyewe.

Yapo yasiyotimia. Mashine ilisimama mara moja zaidi, safari hii mkanda, kwa siku moja. Michoro ya aina mpya ya makabati, aliyotamani kuianza kwa miaka, haijaanza.

Uchambuzi

Watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha mwaka 2018 majaribio yanayoonyesha kwamba watu huchagua kazi yenye muda mfupi wa mwisho hata pale malipo yake ni madogo kuliko ya kazi nyingine isiyo na haraka. Haraka yenyewe inavuta. Waliona pia kwamba mvuto huo hupungua mtu akikumbushwa malipo wakati ule ule anapochagua. Nikiutazama utafiti huo kwa jicho la kisa hiki, naona kwa nini jedwali la ukutani halikufua dafu: lilimkumbusha umuhimu Jumatatu asubuhi, ilhali uchaguzi ulifanyika mara arobaini kwa siku, mlangoni, mbele ya uso wa mtu. Mhasibu aliyeketi mezani Jumanne saa nne naye ni uso wa mtu. Anashindana na wengine kwa silaha ile ile.

Hata hivyo nadhani mhasibu peke yake asingetosha. Kama oda zingebaki 24, mama angeacha mhasibu amkae mezani akakimbilia mlangoni, na angelipa tu zile saa mbili. Ukomo wa oda ndio uliopunguza sauti za mlangoni. Ushauri mwingi wa kupanga kazi huanza na saa za mwenye biashara, mimi nami nilianza hapo, na nilimpotezea karibu mwezi mzima. Siku hizi naanza na kitabu cha oda: kuna ahadi ngapi zilizo wazi, zinamalizika kwa kasi gani, na mteja ameambiwa nini. Dakika ishirini zinatosha kujua kama dharura zinatoka nje au zinatengenezwa ndani.

Kufaulu kwa mkataba kulikuwa hatari kuliko kuukosa. Angeukosa, angejua siku ile ile kwamba kuna tatizo. Kuupata kwa makisio ya usiku mmoja kulimfundisha somo la uongo, kwamba kazi ya miezi minne inawezekana kwa siku tatu, na somo hilo lilidumu mpaka fedha zilipoanza kukauka. Kazi muhimu zisizo na haraka zina tabia hii: adhabu ya kuziacha huja baadaye, mahali pengine, ikiwa imevaa sura nyingine. Yeye aliiona kama uhaba wa fedha na ubovu wa mashine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, lakini hapa ufa ulikuwa kwenye karatasi ya bei na ukuta ulioanguka ulikuwa wa benki. Ni vigumu kuunganisha viwili hivyo ukiwa umesimama katikati.

Bahati nayo ilikuwapo. Taasisi ilikuwa na ofisa aliyekubali kusoma mchanganuo. Mwingine angesema rudi mwaka kesho. Na fundi mkuu alikuwa mtu wa kuaminika. Mahali ambapo hayupo mtu wa namna hiyo, uamuzi wa pili ungehitaji hatua ndogo zaidi, pengine kuanza na gundi na msasa tu.

Mbinu ya kutafuta mdai ina mpaka wake, nao umeonekana waziwazi. Ilifaa kwa kazi inayokatika vipande: bidhaa mbili kwa wiki, wadaiwa wanne kila Alhamisi, saini moja Jumamosi. Haikufaa kwa kubuni makabati, kwa sababu hakuna anayeweza kudai wazo kila Jumanne. Haikufaa pia kwa kumwandaa fundi mkuu achukue usimamizi, ambalo ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote katika orodha ya kwanza tuliyoandika. Tulijaribu kulipangia siku ya Ijumaa. Ilipita mara mbili, ikafa.

Mara ya mwisho nilipopita, nilimuuliza fundi mkuu mwenyewe anaonaje. Alikuwa anapaka vanishi, hakuacha. "Mama akinipa mteja mmoja nimhudumie kuanzia vipimo mpaka kufikisha mzigo," alisema, "huyo mteja ndiye atanifundisha. Atanidai mimi." Nilimfikishia mama maneno hayo kama yalivyo. Alisema atalifikiria, na akaandika daftarini. Juu kabisa ya ukurasa.